Eliud Mathu: Mjumbe wa kwanza Mwafrika aliyefikisha kilio cha raia kwa serikali ya mkoloni

MNAMO Oktoba 1944, mwalimu mwenye umri wa miaka 34 kutoka Riruta, viungani mwa jiji la Nairobi, aliteuliwa kuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria la Kenya. Jina lake lilikuwa Eliud Wambu Mathu.

Baraza hilo, ambalo wengi walilijua kwa jina la LEGCO, lilikuwa limekutana tangu mwaka 1907. Kwa miaka 37 hapakuwa na Mwafrika hata mmoja aliyewahi kuketi ndani yake.

Siku hizi Mkenya haoni ajabu mbunge wake anaposimama kuuliza ni lini zahanati itapata dawa au barabara itatengenezwa. Mbunge asipouliza, wapiga kura humkumbusha, na akizidi kunyamaza, humtimua uchaguzi ufikapo.

Kazi hiyo ya kuchukua shida za mashinani na kuziweka mbele ya serikali ilikuwa na mwanzo wake kwa upande wa Waafrika. Aliyeianza alikuwa Mathu, ambaye hakuwa na eneobunge, hazina ya maendeleo wala kura ya raia yeyote. Silaha yake ilikuwa swali, na wa kujibu walikuwa maafisa wa serikali ambao hawakulazimika kumridhisha.

Kabla ya kuteuliwa kwake, maslahi ya Waafrika yalisemewa na Wazungu. Serikali ilikuwa ikiwachagua wamishonari kama Dkt John Arthur wa misheni ya Kiskoti ya Kikuyu, na baadaye Kasisi Leonard Beecher wa Kanisa la Kianglikana.

Baadhi yao walijitahidi kwa dhati, lakini mwenye jino ndiye ajuaye maumivu yake. Vyama vya Waafrika vilikuwa vimedai kwa miaka mingi kwamba Mwafrika asemewe na Mwafrika mwenzake.

Vita Vikuu vya Pili vya Dunia viliyapa madai hayo uzito. Maelfu ya vijana wa Kenya walikuwa wamepelekwa kupigana Habashi na Burma kwa niaba ya Uingereza. Haikuwa rahisi tena kwa serikali kueleza ni kwa nini watu waliostahili kubeba bunduki hawakustahili kuwa na hata kiti kimoja ambapo sheria zao zilitungwa.

Mathu alizaliwa mwaka 1910. Alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza wa Shule ya Upili ya Alliance, iliyofunguliwa Kikuyu mwaka 1926. Baadaye alifundisha katika shule hiyo hiyo, jambo lililokuwa geni wakati huo, maana walimu wake walikuwa Wazungu.

Kutoka hapo alikwenda Fort Hare, Afrika Kusini, chuo ambacho miaka michache baadaye kilimpokea Nelson Mandela. Alisoma pia Exeter nchini Uingereza, kisha akaingia chuo cha Balliol cha Chuo Kikuu cha Oxford. Wakenya Waafrika waliokuwa na elimu ya kiwango hicho walihesabika kwa vidole.

Aliporejea nyumbani hakudumu sana Alliance. Alijiuzulu na kwenda kuongoza shule ya Waafrika wenyewe huko Waithaka, mojawapo ya zile zilizoanzishwa na wazazi waliojitenga na misheni. Hatua hiyo ilimpa sifa ambayo shahada pekee haingempa. Wazee waliona kwamba Kiingereza cha Oxford hakikuwa kimemtenga na watu wake.

Habari za kuteuliwa kwake zilifuatwa na jambo kubwa zaidi. Mwezi huo huo wa Oktoba 1944, Waafrika kutoka sehemu mbalimbali za nchi walikutana Nairobi na kuunda chama cha Kenya African Union (KAU), Harry Thuku akiwa mwenyekiti wake wa kwanza.

Lengo la kwanza la chama hicho lilikuwa kumsaidia Mathu. Wanachama walinuia kumpa habari kutoka wilayani, kumshauri kuhusu miswada na kumwonyesha ni mambo gani yaliyowakera raia. Serikali iliingiwa na wasiwasi, ikashurutisha chama kijiite cha utafiti tu, na jina hilo likatumika hadi mwaka 1946 lilipotupwa.

Tendo hilo linaeleza mengi kuhusu kazi ya mwakilishi. Mjumbe mmoja hawezi kujua kila kinachotendeka Taita, Kisumu, Machakos na Nandi. Asipokuwa na watu wa kumletea habari za hakika, huenda Barazani mikono mitupu na kurudi vivyo hivyo.

Ukumbi wenyewe haukuwa mahali pa kumtia mtu moyo. Baraza lilikutana Memorial Hall katikati ya Nairobi, kwa kuwa majengo ya Bunge tuyajuayo leo hayakuanza kutumika hadi mwaka 1954. Lugha ya kikao ilikuwa Kiingereza pekee.

Maafisa wa serikali waliketi upande mmoja wakiwa wengi wa kutosha kupitisha walilotaka. Walowezi wa Kizungu walikuwa na wajumbe 11 wa kuchaguliwa, Wahindi watano na Waarabu wawili. Waafrika walikuwa na wasemaji wawili, Beecher na Mathu.

Ukilinganisha na idadi ya watu, picha inashangaza zaidi. Sensa ya mwaka 1948 ilionyesha kwamba Waafrika walizidi milioni 5, ilhali Wazungu walikuwa wapatao 30,000.

Utaratibu wa kuuliza maswali ulifanana na unaotumika katika mabunge mengi yaliyorithi desturi za Uingereza. Mjumbe aliandika swali na kuliwasilisha mapema. Siku ikifika, afisa aliyehusika alisimama na kusoma jibu lililoandaliwa na idara yake. Mjumbe aliruhusiwa kuuliza swali la nyongeza, kisha kikao kikaendelea na mambo mengine.

Mtu aliyesikiliza juujuu angedhani hilo ni zoezi tupu. Hata hivyo, swali lililoulizwa Barazani liliingia katika kumbukumbu rasmi, likasomwa na Gavana na pia maafisa wa London. Malalamishi ambayo mkuu wa wilaya angeyazima ofisini kwake yaligeuka kuwa jambo la serikali nzima.

Hakuna lililoonyesha thamani na mipaka ya kazi hiyo kama suala la kipande.

Chini ya sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa kufanya kazi alitakiwa kubeba cheti chenye alama za vidole vyake, jina la mwajiri na mshahara wake. Cheti kiliwekwa ndani ya kikopo cha chuma kilichofungwa kwa kamba na kuvaliwa shingoni. Aliyepatikana bila kipande alishtakiwa. Aliyetoroka mwajiri katili alisakwa kupitia kipande hicho hicho.

Wazungu, Wahindi na Waarabu hawakutakiwa kubeba kitu kama hicho. Mathu alilivalia njuga suala hili. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka na ngumu kujibiwa: kama serikali inataka kuwasajili watu, basi iwasajili wote bila kubagua rangi.

Mwaka 1947 Baraza lilipitisha sheria mpya ya kuwasajili watu wa kabila zote, na alama za vidole zingechukuliwa kwa kila mmoja. Kwa mara ya kwanza malalamishi ya Waafrika yalikuwa yamebadilisha sheria iliyowadhalilisha kwa kizazi kizima.

Furaha hiyo haikudumu. Walowezi waliona ni aibu kuchovya vidole vyao katika wino kama vibarua wao, wakapiga kelele hadi serikali ikaunda tume chini ya Sir Bertrand Glancy. Tume ilipendekeza kwamba mtu aliyeweza kujaza fomu yake mwenyewe kwa Kiingereza angeweza kutoa picha badala ya alama za vidole.

Rangi haikutajwa katika pendekezo hilo, lakini kila mtu alijua ni nani wangeweza kujaza fomu hiyo. Mathu na wenzake walipinga na wakashindwa. Kikopo cha shingoni kilikuwa kimeondoka, ila usawa waliouomba haukuja nao.

Mtihani mwingine ulitokea pwani. Januari 13, 1947, wafanyakazi wapatao 15,000 wa Mombasa walisusia kazi. Makuli wa bandarini, wafanyakazi wa reli, wa hotelini na hata watumishi wa nyumbani waligoma kwa pamoja. Mishahara ilikuwa duni, nyumba hazikutosha na bei za vyakula zilikuwa zimepanda tangu wakati wa vita.

Kwa siku kadhaa wagomaji walikusanyika katika uwanja wa Kiembeni, na meli zikabaki na shehena zake. Vitisho vya serikali havikuwarudisha kazini.

Mathu aliteremka Mombasa na kuzungumza nao. Aliwasihi warejee kazini kwa ahadi kwamba malalamishi yao yangechunguzwa. Walimsikiliza, na baada ya takriban siku 12 mgomo ukaisha.

Jopo lililoundwa chini ya Jaji Ransley Thacker, yule yule ambaye miaka mitano baadaye aliketi Kapenguria kusikiliza kesi ya Jomo Kenyatta, liliongeza mishahara ya wengi mwaka huo huo. Kwa mfanyakazi wa Mombasa, hili lilikuwa tunda lililoonekana na kuingia mfukoni.

Lakini Agosti mwaka huo, Chege Kibachia, aliyekuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi kilichozaliwa katika mgomo huo, alikamatwa na kupelekwa kuishi chini ya vikwazo huko Kabarnet. Alikaa huko takriban mwongo mmoja.

Hapo ndipo ugumu wa nafasi ya Mathu ulipojitokeza. Alikuwa amewapa wafanyakazi neno, nao wakaliamini kwa sababu lilitoka kwake. Serikali ilitimiza sehemu ya ahadi ya mshahara, kisha ikamwondoa mtu waliyemtegemea kuwatetea. Wahenga walinena kwamba mjumbe hauawi. Hata hivyo, mjumbe anaweza kupoteza imani ya waliomtuma, na hicho kwa mwanasiasa ni kifo cha aina yake.

Kisa cha Mombasa kinafunza jambo lingine. Swali la Barazani lilijibiwa upesi palipokuwa na maelfu ya watu nyuma yake na meli zilizokwama gatini. Pasipokuwa na shinikizo kama hilo, jibu lilichelewa au halikuja kamwe.

Hilo lilidhihirika katika suala la muundo wa Afrika Mashariki. Mwaka 1945 serikali ya Uingereza ilitoa Waraka Nambari 191, uliopendekeza viti sawa kwa Waafrika, Wahindi na Wazungu katika baraza la pamoja la Kenya, Uganda na Tanganyika. Walowezi waliukataa katakata. Mwaka 1947 ukatolewa Waraka Nambari 210, uliowarejeshea walowezi nafasi ya juu. Mathu aliupinga, lakini ndio uliopita.

Wakati huo hakuwa peke yake tena. Apolo Ohanga kutoka Nyanza alikuwa ameingia Barazani mwaka 1947. Mwaka 1948 viti vya Waafrika viliongezwa hadi vinne, na pamoja na Mathu na Ohanga wakawemo John arap Chemallan kutoka Bonde la Ufa na Jimmy Jeremiah kutoka Pwani. Sasa shida za kila pembe zilikuwa na mtu aliyezijua kwa karibu.

Hata hivyo, wote wanne waliteuliwa na Gavana. Raia hawakuwapigia kura, na waliotaka kuwakosoa walikuwa na hoja hiyo mkononi siku zote.

Suala lililozidi mengine yote lilikuwa ardhi. Nyanda za Juu zilikuwa zimetengewa Wazungu kisheria. Waafrika walioishi na kulima katika mashamba hayo kama maskwota walipunguziwa mifugo na mashamba mwaka baada ya mwaka. Huko Olenguruone, familia za Wakikuyu zilizokataa masharti ya serikali kuhusu kilimo na umiliki wa ardhi zilifukuzwa kati ya mwaka 1949 na 1950, nyumba zikabomolewa na mazao kuharibiwa.

Hakuna hotuba ya Barazani iliyozuia magari kuwabeba watu hao. Wengi wa waliotimuliwa waliondoka wakiwa wamekula kiapo.

Ndani ya KAU pia upepo ulikuwa umebadilika. Jomo Kenyatta, aliyerejea kutoka Uingereza mwaka 1946, alichukua uongozi wa chama Juni 1947. Chama kilichoanzishwa ili kimsaidie mjumbe mmoja kuuliza maswali kikawa cha mikutano ya maelfu ya watu waliodai ardhi na uhuru. Vijana wa Nairobi hawakuwa tena na subira ya kusubiri majibu ya maafisa.

Mwaka 1952 Mathu alikuwa Mwafrika wa kwanza kuingia katika Baraza la Utekelezaji, chombo kilichomshauri Gavana. Kwa cheo, hapo ndipo alipofika juu zaidi enzi za ukoloni. Kwa bahati mbaya, huo ndio mwaka nchi ilipowaka moto.

Oktoba 20, 1952, Gavana Sir Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari. Kenyatta na viongozi wengine wa KAU walikamatwa usiku huo. Machi 1953, mjumbe mwenzake wa Baraza, Fanuel Odede, aliyekuwa akishikilia uongozi wa KAU, naye akazuiliwa. Juni mwaka huo chama chenyewe kilipigwa marufuku.

Mathu alibaki Barazani. Aliikashifu Mau Mau hadharani, na wakati uo huo akalalamikia mateso ambayo askari na walinzi wa nyumbani waliwatendea raia wasio na hatia. Kwa walowezi wengi alikuwa mtu wa kushukiwa. Kwa waliokuwa msituni na kambini alikuwa mtu wa serikali.

Mwaka 1954 Katiba ya Lyttelton ilipotoa nafasi ya kwanza ya uwaziri kwa Mwafrika, ilimwendea Ohanga.

Kisha Machi 1957 Waafrika walipiga kura kuwachagua wajumbe wao kwa mara ya kwanza. Mathu, aliyekuwa amekaa Barazani kwa zaidi ya miaka 12, alisimama Mkoa wa Kati.

Kura haikuwa ya kila mtu. Mpiga kura alihitaji kutimiza masharti ya elimu, mali au utumishi, na aliyetimiza mengi aliweza kupata hadi kura tatu. Kwa Wakikuyu, Waembu na Wameru kulikuwa na sharti la ziada la kuthibitisha uaminifu kwa serikali.

Sharti hilo liliwafungia nje watu wengi wa Kiambu, Murang'a na Nyeri, ambako Mathu angetarajia kuungwa mkono. Meru kulikuwa na waliosajiliwa wengi zaidi, na mshindi akawa Bernard Mate, mwana wa Meru.

Ohanga alianguka pia, akishindwa na Oginga Odinga. Tom Mboya, Ronald Ngala, Masinde Muliro na Daniel arap Moi walikuwa miongoni mwa wanane walioshinda. Wajumbe hao wapya walikataa nyadhifa za uwaziri na kudai viti zaidi. Walikuwa na kitu ambacho Mathu hakuwahi kuwa nacho katika miaka yake yote Barazani, yaani kura za watu.

Baada ya hapo alifanya kazi na Tume ya Umoja wa Mataifa ya Uchumi wa Afrika. Kenya ilipopata uhuru, Kenyatta alimwita nyumbani, naye akahudumu kwa miaka mingi kama mmoja wa wasaidizi wake wa karibu, hadi kuwa Mdhibiti wa Ikulu. Alifariki mwaka 1993.

Jina lake halitajwi sana siku za mashujaa. Hakufungwa Kapenguria, hakuingia msituni, wala hakuongoza chama kilicholeta uhuru. Kazi yake ilikuwa ya aina isiyotungiwa nyimbo: kusoma miswada, kupokea malalamishi, kuandika maswali, kusikiliza majibu yasiyoridhisha na kurudi tena kuuliza.

Lakini anayetaka kujua mbunge anapaswa kufanya nini kati ya uchaguzi mmoja na mwingine atapata funzo kwake. Mathu alionyesha kwamba shida ya mtu wa kawaida inaweza kuwekwa mbele ya wakubwa kwa hoja na kwa ustadi, hata pale ambapo wakubwa hao hawataki kuisikia. Kipande kilitoka shingoni mwa Mwafrika kwa sababu kulikuwa na aliyekataa kunyamaza.

Maisha yake yanaonya pia. Mwakilishi anayewapelekea watu ahadi ya serikali hujifunga nayo, na serikali ikiivunja, deni hubaki mlangoni kwake. Aidha, swali lisilo na umma nyuma yake hujibiwa kwa maneno matamu na kuwekwa kwenye faili.

Leo Kenya ina wabunge 349 katika Bunge la Kitaifa, maseneta 67, na zaidi ya wawakilishi wadi elfu moja katika mabunge ya kaunti 47. Wengi wao wana kura za watu, na kila mmoja ana mshahara na kinga ya kusema atakalo ndani ya ukumbi. Mathu alianza bila kura hata moja. Raia wana haki ya kuwauliza wajumbe wao wa leo wanazitumia vipi nyenzo hizo ambazo yeye hakuwa nazo.